Bahari Tamu ya Katesh

Katika miaka ile ya baada ya vita vya Hitla, harusi ya Waislamu wa Katesh haikuhesabiwa kuwa harusi kama Mwanaamina hakuimba mlangoni. Watu wangekula pilau yao, wangekunywa chai yao ya tangawizi, kisha wangerudi makwao wakiguna kwamba ile ilikuwa shughuli tu. Mwanaamina alikuwa mke wa Hamis, mnunuzi wa ngozi, mwanamke mrefu mwenye mikono iliyokomaa kwa kuwamba ngozi kwenye fremu. Sauti yake ilifika mpaka mwisho wa mtaa bila yeye kuinua shingo.

Familia za wafanyabiashara wa pale zilikuwa zimetoka kila upande, hawa Kondoa, hawa Singida, wengine Tabora na Ujiji, na kila moja ilikuja na kipande chake cha desturi. Katika kuunganisha vipande hivyo ukazaliwa mchezo walioupenda kuliko yote, beti za mlango. Jamaa za bwana harusi wakifika alasiri hukuta mlango umefungwa. Mwanamke wao husimama nje na kuimba ubeti wa kuuliza, na wa upande wa bibi harusi humjibu papo hapo. Akimjibu vizuri mlango hufunguliwa kwa vigelegele na binti hutoka kichwa juu. Akishindwa mlango hufunguliwa vilevile, maana hakuna mjinga wa kurudisha lori zima Kondoa, lakini ubeti ule wa dhihaka humfuata binti kwa wakwe zake na kuganda kama jina. Palikuwa na bibi mmoja pale mjini ambaye wajukuu zake walikuwa wakubwa, na bado watu walimwita kwa ubeti aliofungiwa mlangoni akiwa mwari.

Kutunga, Mwanaamina alifundishwa na Mwalimu Bashiri, mzee wa chuo cha Kurani. Bashiri alizaliwa Tabora na yeye mwenyewe hakuwahi kuiona pwani, lakini mwalimu wa mwalimu wake alifika pwani, na hilo lilimtosha. Sheria yake ilikuwa moja. Shairi lisilo na bahari, asmini na lulu si shairi, ni maneno ya sokoni.

"Mwalimu, na mimi ambaye sijaiona bahari?" Mwanaamina alimwuliza siku moja, angali binti.

"Pepo umeiona?" Bashiri akajibu. "Na bado unaiimba."

Basi akaiimba. Aliiimba kwa miaka mingi, na Katesh nzima ikalia machozi juu ya bahari ambayo hakuna mtu pale aliyewahi kulowesha hata unyayo ndani yake. Kichwani mwake bahari ilikuwa na sura. Mama yake alikuwa Mbarbaigi wa tambarare za Basotu, na baba yake mchuuzi wa chumvi na shanga aliyepita huko na punda wake, akaoa, akabaki. Mwanaamina alikulia kando ya ziwa lile mpaka baba alipomleta Katesh asome chuo. Kwa hiyo aliposikia bahari aliona Ziwa Basotu, ila ng'ambo yake imesogezwa mbali kidogo. Matete yalikuwepo, viboko walikuwepo, na ng'ombe, bila shaka, walikuwepo.

Ni ng'ombe hao waliomponza. Kwenye harusi moja ya Dongobesh aliimba sifa za bwana harusi, na alipofika kileleni akapandisha sauti, akasema, "Ni bahari ya utamu, ng'ombe wote wanakunywa!" Wenyeji wakapiga vigelegele. Lakini miongoni mwa wageni alikuwamo mwanamke wa Kondoa aitwaye Sada, na Sada alikuwa ameolewa Tanga, ameishi huko miaka, amerudi na kanga za kisasa na ulimi wa kukatia sukari guru. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Jamani nishikeni!" alisema. "Hawa watu wa Katesh wananywesha ng'ombe baharini! Na maji yenyewe matamu! Mama Bahari Tamu, hebu tuambie, na magadi mnalamba wapi?"

Harusi nzima ikacheka, wakiwemo wale wale waliopiga vigelegele, maana binadamu ndivyo alivyo. Mwanaamina alicheka nao kwa meno ya mbele tu. Alirudi Katesh juu ya lori la pumba, lakini jina lilitangulia, likafika kabla yake. Watoto wa sokoni wakamwita Mama Bahari Tamu, na Hamis mumewe, mtu mpole asiyependa ugomvi, akajifanya kiziwi.

Sasa sikia mambo ya Mungu. Mwaka haujapinduka, posa ikaja kwa binti yake wa pekee, Mwantumu. Mchumba ni Seifu, fundi cherehani, kijana mwenye adabu, na Mwantumu alikuwa amekwisha kumpenda kimoyomoyo toka siku aliyokuja sokoni Katesh kununua vifungo. Lakini Seifu alikuwa mtoto wa kaka yake Sada, na alilelewa na Sada. Nani atasimama mlangoni upande wa bwana harusi? Hata paka wa Katesh walijua.

"Sipendi kusema," Mwantumu alimwambia mama yake wakiwa wanageuza ngozi bandani, "lakini mimi ndiye ninayekwenda kuishi nyumba moja na shangazi. Nikiingia na jina la ng'ombe wa baharini, mama, nitalitua wapi?"

"Hutaingia nalo."

"Baba anasema tukodi mtungaji wa Mbulu."

Mwanaamina aliiachia ngozi ikaanguka. "Mlango wangu, mtoto wangu, halafu nikodi mdomo? Mwambie baba yako akakodi mke."

Maneno makubwa hayo, na aliyasema kwa sababu alikuwa na hofu. Alipokaa kutunga, hakuna kilichokuja. Kila alipotamka bahari alimsikia Sada akicheka, na kila alipoiacha bahari alimsikia Bashiri akiguna. Akafikiri dawa ni kuijua bahari yenyewe. Akamvizia dereva wa lori la ngozi, aliyesifika kuwa amefika Tanga, akamwekea chai na maandazi.

"Bahari ikoje, mwanangu?"

Dereva alitafuna, akawaza kwa bidii. "Maji mengi, mama."

"Na nini tena?"

"Nilionja kidogo. Chumvi tupu. Nikatapika mpaka nikaomba kurudi Katesh."

Hayo ndiyo yote aliyoyapata kwa maandazi yale. Alikasirika, kisha akakata tamaa, na siku za harusi zikawa zinakuja mbio kama mkopeshaji. Akaanza kuwajibu watu kwa mkato. Akaunguza wali, jambo ambalo halikuwahi kutokea nyumba ile.

Siku chache kabla ya harusi, mama yake mzazi aliwasili kutoka Basotu. Alikuja na punda, akisindikizwa na kaka yake Gidahosh. Alikuwa bibi mkavu, mnyofu, amevaa gauni la ngozi lenye nyuzi ndefu na shaba mkononi mpaka karibu na kiwiko. Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia chumvi tu. Mwantumu akampigia magoti na shikamoo yake, bibi akampaka mate kichwani kumbariki, kisha akaingia jikoni kukagua nyumba ya mwanawe kama mkaguzi wa serikali. Akainua kibuyu cha maziwa kilichokuwa kikining'inia. Akanusa. Akakitazama kwa huzuni kama mtu aliyeshika kitu kilichokufa.

"Hiki umeacha lini kukitia moshi?" aliuliza kwa lugha yao.

"Nina mambo mengi, mama."

"Mambo gani yanayozidi kibuyu?"

Bibi akatoa kwenye mzigo wake kijiti cha mti wa mlimani, ule unaotoa moshi mtamu wa kuhifadhi maziwa, akakiwasha jikoni, akampa. Akaketi pembeni akakunja mikono. Na Mwanaamina, mtungaji maarufu wa Katesh, mama wa binti wa kuolewa, akapiga magoti jikoni kama alivyopiga akiwa mtoto, akasukuma ncha ya moto ndani ya kibuyu, akaanza kukizungusha. Makaa yalivunjika ndani yakalia. Akakizungusha upande huu, akakizungusha upande ule. Moshi ukakitoka kibuyu mdomoni, ukampanda puani.

Harufu ile ilimshika. Aliuona ukungu wa asubuhi juu ya ziwa. Alimwona ng'ombe wao mmoja mwekundu mwenye doa jeupe kwenye paji, mkorofi, aliyekataa kukamuliwa na mtu yeyote mpaka mama aimbe. Mama akianza, ng'ombe yule alitulia, akaacha hata kutafuna, masikio yamelala, ndipo maziwa yakashuka. Kazi ya Mwanaamina ilikuwa kushika ndama, na alikuwa akiufuata wimbo ule kwa midomo bila sauti. Miaka yote hiyo hakuuimba tena, lakini sasa mikono ikizungusha kibuyu wimbo ulikuwa ukimtoka kooni wenyewe, na ajabu ni kwamba maneno yaliyoingia ndani yake yalikuwa ya Kiswahili, mizani nane kwa nane, yamekaa sawasawa bila kusukumwa. Alicheka peke yake. Kisha akalia, kwa furaha, na hakujificha.

"Moshi umekuingia machoni," mama yake alisema.

"Ndiyo, mama. Umeniingia."

Kesho yake akaenda kumwimbia Mwalimu Bashiri, kwa heshima tu, si kwa kuomba ruhusa. Mzee alisikiliza huku akihesabu mizani kwa tasbihi. Mizani ilikuwa kamili, na vina vimekaa.

"Bahari sijaiona humu," alisema mwisho.

"Imo, mwalimu. Nimesema kwamba mimi pia sijaiona."

"Mwanaamina! Unakiri mbele ya Sada? Utatuvua nguo sote."

"Tulizivaa za kuazima, mwalimu," akajibu, akaaga kwa adabu zote. Bashiri alibaki akitikisa kichwa, na jioni akatangaza msikitini kwamba yeye siku ya harusi huenda akawa na homa.

Siku ikafika. Lori la Kondoa lilichelewa kwa sababu ya kupasuka mpira njia ya Babati, na lilipoingia Katesh, upepo wa Mlima Hanang ukiwa umechachamaa, abiria wake walikuwa wekundu kwa vumbi kama matofali. Waliteremka wakikohoa. Lakini Sada alijipangusa uso, akabadili kanga pale pale nyuma ya lori, akaja mlangoni anameremeta, na nyuma yake wanawake wa Kondoa wakipiga makofi. Mlango ulikuwa umefungwa. Mwanaamina alisimama kizingitini, na miguuni pake alikuwa ameweka kibuyu na kikombe cha bati. Mji mzima ulikuwa umekuja. Hata Bashiri alikuwepo, homa imepona. Ndani, nyuma ya mlango, Mwantumu alikuwa amekaa na ushungi wake, ameshika mkono wa rafiki yake kwa nguvu hata rafiki akalalamika.

Sada hakupoteza muda. Akaimba:

*Hodi tumekuja hodi, mlangoni twasimama,*
*Hatutaki hata udi, twamtaka binti mwema,*
*Ila kwanza yatubidi, tumuulizeni mama:*
*Bahari yenu baridi, ng'ombe wanywa wakihema?*

Kicheko kilipasuka kama kopo la bati lililorushwa chini. Wanawake wa Kondoa walikumbatiana. Na usidhani wa Katesh hawakucheka. Walicheka kwa kuficha midomo kwenye kanga. Hamis aliinamisha kichwa akatazama viatu vyake vipya. Mwanaamina aliwaacha wacheke mpaka wakaishiwa wenyewe. Kisha akaanza, si kwa sauti ya harusi waliyoizoea, bali kwa sauti ya chini, kwa mahadhi ambayo hakuna aliyewahi kuyasikia mlangoni:

*Bahari sikuiona, nakiri, tena si kitu,*
*Nilikua nikiona maji ya Ziwa Basotu,*
*Hapo ng'ombe hukutana, hunywa na kurudi kwetu,*
*Wa bahari mwajivuna, wa ziwa nasi tu watu.*

Mtu alianza kucheka, akajikuta yuko peke yake, akanyamaza. Katika watu wale wangapi waliwahi kuiona bahari? Lakini ziwa, ng'ombe, vumbi la jioni mifugo ikirudi, hayo kila mmoja aliyabeba kifuani, na hakuna aliyewahi kumsikia mtu akiyaimba mlangoni kama kitu cha heshima. Mzee mmoja muuza chumvi alivua kofia. Mwanaamina akaendelea, na mkono wake ulikuwa ukizunguka hewani taratibu, kana kwamba umeshika kibuyu:

*Mama alinifundisha kibuyu kutia moshi,*
*Makaa kuyazungusha, maziwa yapate ishi,*
*Safari ikitukesha, ladha yake haiishi,*
*Mwanangu namvalisha moshi huo, si marashi.*

Hapo ndipo iliposikika sauti nyingine. Ilitoka nyuma ya nyumba, jikoni, sauti kavu ya mwanamke mzee, isiyo na maneno, ikiufuata wimbo. Bibi wa Basotu alikuwa amekaa jikoni kwa hiari yake, kwa sababu hakuona maana ya kusimama juani kusikiliza Kiswahili. Maneno hayakumhusu. Lakini mahadhi aliyajua, yalikuwa yake, aliwaimbia ng'ombe wake asubuhi zote za maisha yake, na sasa yakimjia kutoka mlangoni aliyaitikia kama mtu anavyoitika akiitwa jina. Mwanaamina alimsikia. Sauti yake ilipanda, na mama na binti wakaimba kwa pamoja, mmoja na maneno, mmoja bila:

*Mmetoka safarini, koo zimewakauka,*
*Chumvi ya Tanga kunyweni, mkiweza kuridhika,*
*Kibuyu ki mlangoni, kunyweni, kiu hutoka.*

Alikata hapo. Ubeti ulibaki na mstari mmoja pungufu, na mstari huo wa mwisho, kwa desturi ya mlango, ni wa aliyeuliza kuumalizia kama anaweza. Watu wote wakamgeukia Sada.

Sada alifungua mdomo. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa upepo na vumbi la kutwa nzima, na bila kutaka aliilamba. Alikitazama kibuyu. Moshi wake mtamu ulikuwa umemfikia, ilionekana puani. Kunywa ni kukubali, na kukataa ni kusimama pale na kiu yako mbele ya mji mzima ukijidai huna. Sada alikuwa na ulimi mkali lakini hakuwa mwongo. Hilo ni lazima tumpe. Alipiga hatua, akainama, akamimina mtindi kwenye kikombe cha bati, akanywa mpaka ukaisha. Akamimina tena. Kisha akafuta mdomo kwa pindo la kanga yake ya Tanga, akaimba mstari uliobaki, kwa mahadhi yale yale, akiwa amekwisha kuyashika:

*Nimekunywa kwa yakini, Bahari Tamu, nimeshika!*

Mizani ilizidi moja. Bashiri aliiona, akainua kidole kusema, na mkewe akamshusha mkono.

Mlango ukafunguliwa. Vigelegele vilivyopigwa siku ile, watu wa Dareda walidai wamevisikia, ingawa watu wa Dareda husema mengi. Mwantumu alitoka ushungi nyuma, kichwa juu, machozi yanamshuka na hayafuti, na Sada alimpokea kwa mikono miwili. "Njoo, mwanangu," alimwambia. "Na hicho kibuyu unakuja nacho, na moshi wake utanifundisha mimi." Alikipakata mwenyewe kwenye lori, hakumruhusu mtu kukigusa, na tangu siku hiyo mtu aliyemwita Mwanaamina Mama Bahari Tamu aliitikiwa kwa tabasamu pana, maana jina lilikuwa limekwisha kuwa mali yake.

Lori lilipotokomea, Mwanaamina alikwenda jikoni. Mama yake alikuwa akichochea moto kama vile hakuna kilichotokea.

"Ule ni wimbo wangu wa kukamulia," bibi alisema bila kugeuka.

"Ndiyo, mama. Ni wako."

"Watu walifanya nini?"

"Walinyamaza, mama. Wote. Hata yule wa Tanga."

Bibi alisogeza kuni, akatafakari. Kisha akamgeukia mwanawe, na uso wake mkavu ulikuwa umefunguka kwa fahari ambayo Mwanaamina hakuwahi kuiona kwake hata siku ya harusi yake mwenyewe.

"Hata ng'ombe hunyamaza kwanza," alisema. "Ndipo maziwa yanashuka."